Baada ya kupungua: mizani, daftari au sahani?

Kilo zinaposhuka kila mtu ana la kusema. Jirani anauliza siri, fundi cherehani anabana magauni, na mizani yenyewe inakulipa kila wiki. Halafu unafika. Uzito ulioutaka umeupata, sifa zinakoma, na linabaki swali ambalo wengi hawakuandaliwa kulijibu: sasa nile nini? Ukiendelea kujinyima utaumia. Ukilegeza, unaona kama kilo zote zimejipanga mlangoni zinasubiri kurudi. Wapo wanaoendelea kupungua hadi chini ya uzito unaowafaa, si kwa kupenda, ila kwa sababu kusimama kunawatisha.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti ulioanza na watu 50 waliowekwa kwenye mlo mdogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado zinavuta upande wa njaa kuliko kabla hawajapungua. Tena mwili wa kilo 72 hautumii nishati sawa na mwili huohuo ulipokuwa na kilo 90. Chakula cha zamani kilikuwa kikilisha mwili wa zamani. Ukikirudia chote, na mwili ule utarudi. Nayasema haya mapema ili uache kujilaumu. Njaa unayoisikia miezi miwili baada ya kufika si ulafi.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo watu huzitumia kulinda uzito: kujipima kwa mizani na kujiwekea mpaka, kuandika unachokula, na kupanga sahani bila kuhesabu chochote. Zote tatu zina watu zinaowafaa na watu zinaowaumiza.

Tutazipima kwa nini

Mambo manne. Kwanza, gharama na muda: si wa wiki moja yenye ari, bali wa wiki ile mtoto anaumwa na mshahara umechelewa. Pili, njia hiyo inakaaje mezani, pamoja na watu unaokula nao. Wengi wetu hatuli peke yetu, na mtu aliyepungua huulizwa maswali. Tatu, inakuambia mapema kiasi gani kwamba kilo zinarudi. Nne, inaifanyia nini hofu, inaituliza au inaichochea. Hili la nne ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa sababu njia nzuri kwenye karatasi huachwa pale inapomfanya mtu aishi kwa wasiwasi.

Kabla ya kuchagua yoyote

Kuna hatua moja inayozihusu zote tatu: kutafuta kiasi cha chakula ambacho uzito husimama. Usirudishe vyote kwa mkupuo. Rudisha kitu kimoja, mfano ndizi mbivu na kikombe cha maziwa asubuhi, au ugali zaidi kidogo mchana, kisha kaa nacho wiki mbili. Uzito ukiendelea kushuka, ongeza kingine. Ukisimama, umeshapata kiasi chako.

Jiandae pia kuona kilo moja au mbili zikipanda siku za mwanzo, hasa kama ulipungua kwa kuacha ugali, wali na chapati. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takribani gramu 3 za maji. Ukirudisha wanga, akiba inajaa na maji yanaingia nayo. Hayo si mafuta. Watu wengi huvunjika moyo hapahapa, wiki ya kwanza, wakaona bora waendelee kufunga mdomo au waache kila kitu.

Njia ya kwanza: mizani na mpaka

Unachagua kiwango, si namba moja. Kama lengo lako ni kilo 70, unaweza kusema kati ya 69 na 72 niko nyumbani. Unajipima kila siku au kila wiki, na ukivuka mpaka unachukua hatua uliyoiandika mapema, ukiwa umetulia.

Njia hii imejaribiwa vizuri. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 314 waliokuwa wamepungua wastani wa kilo 19. Kundi moja lilipata jarida la ushauri tu. Makundi mawili yalifundishwa kujipima kila siku na kutumia rangi: kijani ukiwa ndani ya mpaka, njano ukianza kuteleza, nyekundu ukiongezeka kilo 2.3 au zaidi. Kundi moja kati ya hayo lilikutana ana kwa ana, jingine kwa intaneti. Baada ya miezi 18, waliorudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72 kwenye kundi la jarida, asilimia 55 kwenye la intaneti, na asilimia 46 kwenye la kukutana. Zingatia kwamba hawa walipata pia mafunzo na watu wa kuwashika mkono. Mizani haikufanya kazi peke yake.

*Gharama na muda.* Mizani ya nyumbani hununuliwa mara moja na kujipima hakumalizi dakika. Usipokuwa nayo, duka la dawa, kituo cha afya au wale wapimaji wanaokaa stendi watakusaidia kwa ada ndogo. Sharti ni mizani ileile, saa ileile. Nyumbani iweke kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia, na panda asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai.

*Mezani.* Hakuna anayejua. Unakula kilichopikwa na hufanyi hesabu mbele za watu. Kwa anayeishi na wakwe, hii ni faida kubwa.

*Inakuambia mapema?* Mapema kuliko zote, ila mizani hukoroga ukweli na kelele. Chumvi ya nyama choma, siku za kukaribia hedhi, choo kigumu, safari ndefu ya basi: vyote huipandisha. Ndiyo maana wastani wa siku 7 una maana kuliko namba ya leo. Na fanya hesabu hii pale moyo unaposhtuka asubuhi ya baada ya harusi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takribani kilokalori 7,700 (ndizo tunazoziita kalori tu kwenye mazungumzo). Ili unenepe kilo moja na nusu ya mafuta usiku mmoja, ungehitaji kula zaidi ya kilokalori 11,000 juu ya mahitaji yako ya siku. Hakuna pilau inayofika huko. Unachokiona ni maji, chumvi na chakula kilichomo bado tumboni.

*Hofu.* Hapa watu hugawanyika kabisa. Kuna anayepanda mizani kila siku na baada ya miezi michache anaona namba inacheza palepale, akatulia. Kuna mwingine ambaye namba ya asubuhi humwamulia siku nzima itakuwaje, atakula au hatakula, atavaa nini, atatoka au atajifungia. Wa pili hajakosa nidhamu. Njia hii si yake tu.

*Inamfaa* mtu anayeweza kuisoma namba kama habari, aliyewahi kurudisha kilo bila kujua mpaka suruali zilipokataa, na asiyetaka chakula chake kiwe mada ya mazungumzo.

Njia ya pili: daftari

Hapa unaandika unachokula, kwenye daftari au kwenye programu ya simu, kwa kalori au kwa maneno tu. Wengi waliopungua kwa kuhesabu kalori wanaijua tayari. Swali lao ni kama wataendelea maisha yote.

*Gharama na muda.* Daftari na kalamu si ghali. Programu za simu zinataka bando, na nyingi zimetengenezwa ughaibuni: utapata aina 20 za mkate kabla hujapata makande au mchicha wa nazi. Zipo jedwali za vyakula vyetu, za Tanzania za mwaka 2008 na za Kenya za mwaka 2018, na ni bora kuliko kubahatisha. Muda ndio tatizo. Kuandika kila tonge kila siku ni kazi inayochosha, na sijaona ajabu watu wakiiacha.

*Mezani.* Ni njia ngumu kuliko zote kwa namna tunavyokula. Sinia moja mmezunguka watano, utahesabuje sehemu yako? Chungu kimepikwa na mtu mwingine, na hujui ametia mafuta kiasi gani. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kama kilokalori 120, kwa hiyo tofauti ya vijiko viwili inavuruga hesabu yote. Tui zito nalo ni hivyohivyo. Anayejipikia na kuishi peke yake ana nafuu kubwa hapa.

*Inakuambia mapema?* Ndiyo, na ina kitu ambacho mizani haina: inakuonyesha sababu. Chukua chai. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni takribani gramu 48 za sukari na kilokalori 190. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akishuku ugali wakati kilo zinapitia kwenye kikombe. Daftari huliona hilo kwa siku mbili. Udhaifu wake ni kwamba tafiti zimeonyesha tena na tena kuwa watu huandika pungufu ya wanachokula, hata wasipokusudia kudanganya.

*Hofu.* Inampa mtu hisia kwamba usukani uko mkononi mwake, na mwanzoni hilo ni faraja ya kweli. Ila kwa mwenye wasiwasi tayari, namba hujenga ukuta. Ukijiona unakataa mwaliko wa shughuli kwa sababu hujui pilau ya watu ina kalori ngapi, daftari limeacha kukusaidia. Ipo njia ya kati ninayoipendelea: usiandike maisha yote. Andika wiki mbili tu kila unapovuka mpaka wako, au siku tatu za kila mwezi, na si lazima uweke namba. “Chapati mbili, maharage, chai ya maziwa” inatosha kukuonyesha kilichobadilika.

*Inamfaa* anayejipikia, anayependa takwimu bila kuumizwa nazo, na anayeona kilo zinapanda lakini hajui zinatokea wapi.

Njia ya tatu: sahani

Hakuna namba. Nusu ya sahani ni mboga, robo ni ugali, wali, viazi au ndizi za kupika, na robo ni maharage, samaki, dagaa, kuku, mayai au nyama. Matunda badala ya soda. Saa za kula zinajulikana, na kula njiani ukiwa unasubiri daladala si desturi ya kila siku.

Ukiitazama kwa makini, hii ni sahani yetu ya kawaida iliyogeuzwa. Wengi tumezoea mlima wa ugali na mboga ya kuusindikizia. Hakuna chakula kinachofukuzwa nyumbani, vinabadilishana nafasi. Protini na nyuzinyuzi hushibisha kwa muda mrefu, na kwa mtu ambaye homoni zake zinamsukuma ale, kushiba ndiko kunakomlinda.

*Gharama na muda.* Hakuna kifaa cha kununua. Mboga nyingi zaidi zinamaanisha fedha zaidi sokoni wakati wa kiangazi bei zinapopanda, lakini dagaa, maharage na kunde huiweka robo ya protini ndani ya uwezo. Muda unaoongezeka ni wa kuchambua na kuosha mboga.

*Mezani.* Hapa inazishinda nyingine. Chungu ni kimoja kwa nyumba nzima, watoto na wazee wanafaidika, na wewe unapakua tofauti tu. Kwenye sinia, kaa upande wako na anza na mboga na kitoweo. Hata shangazi atakayesema “mbona umekonda, unaumwa?” atakuona unakula. Swali hilo ni la mapenzi, kwani kwa miaka mingi kukonda kwetu kumesomwa kama ugonjwa au shida za nyumbani. “Shikamoo shangazi, niko salama, hata daktari amenisifu” humaliza maneno kuliko mhadhara wa lishe, kisha uombe akuongeze mchicha.

*Inakuambia mapema?* Hapana, na huu ndio udhaifu wake mkubwa. Robo hukua polepole bila kelele hadi ikawa nusu. Nguo nazo hazisemi ukweli zote: dera na kanzu huficha kilo nyingi. Kama unachagua sahani, tafuta kipimo kimoja cha pembeni, mfano utepe wa fundi kiunoni mara moja kwa mwezi, au suruali moja isiyovutika.

*Hofu.* Miezi ya mwanzo inatisha kuliko nyingine, maana umeachia namba ulizozishika muda mrefu. Ukivuka kipindi hicho, ndiyo inayomrudishia mtu amani na chakula. Nimeiona kuwa njia ambayo watu huisahau kwa maana nzuri: wanakula tu, hawako tena kwenye mpango.

*Inamfaa* mwenye familia, anayepikiwa, na aliyechoshwa na kuhesabu.

Mazoezi na dawa

Mazoezi sikuyaweka kama njia ya nne kwa sababu yanahitajika chini ya yoyote utakayochagua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki kwa afya ya jumla. Kwa kuzuia kilo zisirudi, Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilisema mwaka 2009 kwamba zinahitajika zaidi, kiasi cha dakika 250 kwa wiki. Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopungua kilo 13.6 au zaidi na kuzishikilia mwaka mmoja au zaidi. Asilimia 90 yao husema hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku. Wengi wao hutembea tu. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako asubuhi na jioni ni mwanzo mzuri. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, maana aliyepungua kwa kujinyima amepoteza na misuli.

Waliopungua kwa sindano za semaglutide, dawa inayopunguza hamu ya kula, wana hali yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, watu walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Zungumza na daktari kabla ya kuacha, na uwe umeshaijenga mojawapo ya njia hizi wakati dawa ingali inakusaidia.

Kulingana na hali yako

Kama umefika wiki hizi tu na njaa ni kali, ongeza chakula kwa hatua na tumia mizani kwa wastani wa wiki kwa miezi mitatu ya kwanza. Ni kipindi ambacho mwili unatikisika na ushahidi wa namba unatuliza, mradi namba hazikuumizi.

Kama umewahi kupungua na kurudisha zaidi ya mara moja, usitegemee sahani peke yake. Weka mpaka wa mizani uwe kengele, na daftari la wiki mbili liwe hatua ya kwanza kengele ikilia. Kilo mbili ni rahisi kuzirudisha chini. Kumi na mbili ni kuanza upya.

Kama unapikiwa, unakula sinia moja na wenzako, au una watoto unaowalisha, chukua sahani na ujipime mara moja kwa wiki.

Kama una kisukari au presha na unatumia dawa, rudi kliniki kwanza. Dozi iliyopangwa kwa uzito wa zamani inaweza kuwa kubwa mno sasa, hasa insulini, na kushusha sukari au presha kupita kiasi. Na mwenye ugonjwa wa moyo au figo akiona kilo zinapanda ghafla miguu ikivimba, hayo ni maji, aende hospitali, asipunguze chakula.

Kama una mimba au unanyonyesha, weka kando mizani na daftari na ufuate ushauri wa kliniki.

Mwezi wa Ramadhani, sikukuu na msimu wa harusi, panua mpaka wako kidogo kabla msimu haujaanza na usipime asubuhi za siku za shughuli. Subiri siku tano, rudi kwenye sahani yako, ndipo upande mizani. Usijifungishe njaa kesho yake kama adhabu; huo ndio mlango wa kula bila breki keshokutwa.

Na kama unaruka milo kwa hofu, unajitapisha, unatumia dawa za kuharisha, hedhi imekoma, au huwezi kulala ukifikiria namba, basi mizani na daftari havikufai kwa sasa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na mwende pamoja kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Ukiulizwa tatizo ni nini, sema ulivyosema hapa moyoni: naogopa kula.